Kocha wa timu ya taifa baada ya kutolewa mapema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Timu ikishatolewa, mjadala wa kocha huanza hata wachezaji hawajarudi hotelini. Kuna wanaotaka afungashiwe virago, kuna wanaosema apewe muda, na pande zote mbili zinajitetea kwa takwimu zilezile. Haya ni maswali ninayoulizwa kila baada ya mashindano. Nitangulize msimamo wangu: kocha wa taifa napenda apimwe kwa maamuzi yake kuliko kwa matokeo yake, kwa sababu matokeo yenyewe ni machache mno.

Timu imetolewa jana usiku. Kwa nini tusimhukumu leo?

Kwa sababu jana usiku uliangalia mpira na hasira zako. Mimi mechi ya kutolewa huirudia baada ya wiki mbili hivi, sauti nimeizima, daftari mkononi. Mtangazaji akinyamaza, mambo hubadilika. Ile pasi uliyoapa kuwa ya kizembe, kumbe mpigaji hakuwa na mtu wa kumpa. Winga uliyesema hakabi, kumbe kapangiwa abaki juu. Wakati mwingine huwa kinyume chake: mechi uliyosema tulionewa na refa, ukiitazama tena unaona tulipwaya tangu dakika ya kwanza.

Ukiweza, andika matarajio yako kabla mashindano hayajaanza. Sentensi mbili tu zinatosha: tunatakiwa tufike hatua gani, na kwa sababu gani. Usipoandika, baada ya kutolewa utajikuta unasema siku zote ulijua tungefika nusu fainali.

Nitajuaje kama mashindano yalikuwa mabaya kweli, au kundi ndilo lilikuwa gumu?

Subiri mashindano yaishe, kisha uangalie waliokufunga waliishia wapi.

Mfano ulio karibu nasi ni AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2019 kule Misri. Tanzania ilikuwa haijacheza fainali hizo tangu 1980. Emmanuel Amunike aliifikisha huko baada ya kuifunga Uganda mabao 3-0 katika mechi ya mwisho ya kufuzu. Kwenye makundi ilipoteza zote tatu: 2-0 kwa Senegal, 3-2 kwa Kenya, 3-0 kwa Algeria. Mapema Julai, hata mashindano hayajaisha, Amunike akawa hana kazi. Siku chache baadaye fainali ikachezwa Cairo, na waliokutana ni Algeria na Senegal.

Simtetei kwa kila kitu. Mechi ya Kenya naiweka peke yake, maana pale hapakuwa na pengo la uwezo la kujifichia. Tanzania iliongoza mara mbili, kwa Msuva na kisha kwa Samatta, na mara zote mbili ikasawazishiwa. Bao la pili ililinda kwa dakika zipatazo ishirini, na dakika ya 80 Olunga wa Kenya akamaliza kazi. Ukitaka kumuuliza Amunike maswali, uliza kuhusu dakika hizo: nani aliingia, nani alitoka, timu ilirudi nyuma kwa kuagizwa au kwa woga? Vipigo vya Senegal na Algeria vinaonyesha kiwango cha kikosi. Hiki cha Kenya ndicho kinachomhusu kocha.

Asilimia ya ushindi si inatosha? Kocha kashinda mechi sita katika kila kumi.

Sita zipi? Timu ya taifa hucheza mechi kumi au kumi na mbili hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa ni za kirafiki na za kufuzu dhidi ya timu ambazo hazitakuwepo kwenye fainali. Kocha wa klabu hupata mechi nyingi hivyo kabla msimu haujafika katikati. Ukitoa za kirafiki na vibonde, kocha wa taifa aliyekaa miaka minne anabakiwa na mechi ambazo vidole vya mikono na miguu vinatosha kuzihesabu. Hapo bao moja la dakika za majeruhi linabadilisha asilimia nzima.

Mtazame Tite wa Brazil. Alishinda karibu mechi tatu katika kila nne, rekodi ambayo makocha wengi hawaioni hata ndotoni. Kwenye Kombe la Dunia alitolewa robo fainali 2018 na robo fainali tena 2022. Takwimu zake hazidanganyi, ila hazijibu swali ambalo Wabrazili wanauliza.

Zigawe rekodi mafungu matatu: za kirafiki, za kufuzu, za fainali. Kisha kwenye fungu la mwisho tenga timu zilizo juu yenu na zilizo chini yenu. Kocha anayewafunga wa chini kila mara na kufungwa na wa juu kila mara anafanya kile kile ambacho kikosi kingefanya bila yeye.

Mechi iliyoamuliwa kwa penalti inahesabiwa ushindi au kipigo?

Kwenye rekodi ni sare. Ndiyo maana rekodi huonekana za ajabu. Senegal ilipotwaa AFCON mbele ya Misri mwezi Februari 2022, mechi kubwa kuliko zote katika maisha ya ukocha ya Aliou Cissé iliandikwa 0-0. England ya Gareth Southgate nayo fainali ya Euro mwaka 2021 dhidi ya Italia imeandikwa sare, na waliolia siku ile hawajaisahau.

Mimi naiacha ibaki sare, halafu naandika pembeni maandalizi ya penalti yalikuwaje. Mikwaju ina bahati, lakini kupanga wapigaji hakuna bahati ndani yake.

Na viwango vya FIFA?

Vinasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tangu 2018 hesabu yake inatazama nguvu ya mpinzani na uzito wa mechi: ya kirafiki ndani ya kalenda ya FIFA ina uzito wa 10, ya kufuzu 25, ya makundi ya Kombe la Dunia 50, na kuanzia robo fainali 60. Kufungwa kwenye mtoano wa fainali hakukupunguzii pointi. Ubelgiji ya Roberto Martínez ilikaa kileleni kuanzia Septemba 2018 hadi Machi 2022 bila kucheza fainali hata moja ya mashindano makubwa, kisha ikatolewa makundi kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar.

Ni mambo gani hasa yako mikononi mwa kocha?

Hapa ndipo ningependa mjadala wote uhamie.

Kwanza, aliowaita na aliowaacha. Usiishie kwenye jina moja lenye mashabiki wengi. Angalia kama kikosi kina mbadala wa kila nafasi inayoumia haraka. Kocha anayeenda fainali na beki mmoja tu wa kushoto kisha akamlilia majeruhi, huyo kajitakia.

Pili, mpango wa mechi, na mpango wa pili pale wa kwanza unapokwama. Hispania ya Luis Enrique ilipiga pasi zaidi ya elfu moja dhidi ya Morocco kwenye 16 bora ya Kombe la Dunia 2022, dakika 120 bila bao, kisha ikapoteza penalti zote tatu ilizopiga. Pasi ya mia tisa ilikuwa nakala ya pasi ya mia moja. Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya. Mimi nasema Morocco walijua kitakachokuja na kikaja.

Tatu, mabadiliko: dakika gani, na kwa nini. Kila mabadiliko yaandikie dakika na hali ya mchezo. Kocha anayebadilisha dakika ya 60 kila mechi, anaongoza au anafungwa, anafuata saa tu.

Nne, dakika za mwisho timu ikiwa mbele. Turudi kwa Tite, Desemba 9, 2022, Brazil na Croatia. Neymar kafunga bao zuri mwishoni mwa nusu ya kwanza ya dakika 30 za nyongeza. Kisha zinabaki kama dakika tatu na kitu mchezo uishe. Badala ya kutulia na mpira, Brazil wanakutwa watu wengi wako mbele. Croatia wanapora, wanapanda kwa kasi, krosi fupi ya Oršić inamkuta Petković, shuti linamgusa Marquinhos na kutinga. Dakika ya 117. Lilikuwa shuti pekee la Croatia lililolenga goli. Zikaja penalti: Rodrygo akaanza, ikaokolewa, Marquinhos akapiga ya nne, ikagonga mwamba. Neymar alikuwa amepangiwa ya tano, kwa hiyo hakupiga kabisa.

Ukisema Brazil ilitawala mchezo, uko sahihi. Lakini nani aliagiza timu ibaki juu ikiwa na bao moja, zimebaki dakika tatu? Nani alimweka mpigaji bora mahali ambapo zamu huenda isifike? Hayo ni maamuzi ya benchi la ufundi, na yangekuwa na kasoro hata kama Croatia wangekosa.

Mshambuliaji akikosa mabao ya wazi, kocha ana kosa gani?

Siku hiyo, hana. Romelu Lukaku aliingia kipindi cha pili dhidi ya Croatia mwaka huohuo wa 2022 akakosa nafasi ambazo kwenye klabu yake angefunga akiwa amefumba jicho moja. Ubelgiji ikatoka 0-0 ikaaga. Martínez alimwingiza mtu sahihi wakati sahihi.

Swali linakuja pale nafasi za kufunga zenyewe hazikuwepo, au mtu yuleyule anapopewa kazi ileile baada ya kushindwa. Italia ilikosa tiketi ya moja kwa moja ya Qatar kwa tofauti ya pointi mbili nyuma ya Uswisi. Kwenye mechi mbili walizocheza na Uswisi hao, zote sare, Jorginho alikosa penalti, moja Basel na nyingine Roma. Ya kwanza ni ya mchezaji. Ya pili kocha naye ana sehemu yake.

Aliyefuzu ni kocha mwingine, aliyekwenda kwenye fainali ni mwingine. Rekodi ni ya nani?

Kila mtu achukue chake. Vahid Halilhodžić aliifikisha Morocco Kombe la Dunia 2022, akaondolewa Agosti, na Walid Regragui akapewa timu miezi mitatu kabla ya mashindano. Akafika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Halilhodžić, maskini, ilikuwa mara yake ya tatu: Ivory Coast walimwondoa kabla ya 2010, Japani kabla ya 2018.

Kuna mfano wa kinyume. Julen Lopetegui hakupoteza hata mechi moja kati ya ishirini akiwa na Hispania, akafukuzwa siku mbili kabla ya mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia 2018 kwa sababu ya kusaini Real Madrid. Fernando Hierro akakabidhiwa timu isiyo yake, ikatolewa na Urusi kwa penalti. Ukimpima Hierro kwa mechi zile nne utakuwa unampima dereva aliyepewa usukani gari likiwa kwenye kona.

Kubadilisha kocha haraka si kunasaidia? Angalia Ivory Coast.

Nilijua litaletwa hilo. Januari 2024 Ivory Coast, wakiwa wenyeji wa AFCON, walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta. Jean-Louis Gasset akaondoka, msaidizi wake Emerse Faé akachukua timu, na Februari 11 wakaifunga Nigeria 2-1 fainali na kubeba kombe.

Ila isomeni hadithi yote. Baada ya kipigo kile walikuwa wanasubiri matokeo ya wengine, na ni ushindi wa Morocco wa 1-0 dhidi ya Zambia uliowavusha kama mmoja wa washindi wa tatu bora. Shirikisho lilijaribu kwanza kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, likakataliwa. Robo fainali dhidi ya Mali walikuwa pungufu, wako nyuma, wakasawazisha dakika ya 90 na kushinda mwishoni kabisa mwa dakika za nyongeza. Faé alifanya kazi nzuri mno, simnyimi. Lakini Zambia wangepata sare, Gasset angeondoka vilevile na sisi tusingelijua jina la Faé. Kwa kila Faé kuna makocha wa muda chungu nzima ambao hakuna anayewakumbuka.

Kocha alishatupa kombe. Si ana haki ya kusamehewa?

Asamehewe mara moja, kwa masharti. Joachim Löw aliipa Ujerumani Kombe la Dunia 2014, akatolewa makundi 2018 kwa kufungwa na Mexico na Korea Kusini. Akabaki. Novemba 2020 akafungwa 6-0 na Hispania, bado akabaki, na Euro iliyofuata ikaishia 16 bora. Roberto Mancini alikwenda mechi 37 bila kufungwa, akatwaa Euro Julai 2021, na miezi minane baadaye akafungwa nyumbani na Macedonia Kaskazini kwa bao la dakika za majeruhi. Italia ikaikosa Qatar. Djamel Belmadi alitwaa AFCON 2019 na Algeria, kisha akatolewa makundi kwenye AFCON mbili zilizofuata.

Watatu hawa wana kitu kimoja ninachokiona: kombe liliganda kwenye karatasi ya kikosi. Waliowapa kombe waliendelea kuaminiwa hata miguu ilipoanza kuchelewa. Kwa hiyo sharti langu ni hilo. Kocha bingwa akitolewa, nahesabu wangapi kati ya mabingwa wake bado wanaanza, na wangapi kati ya hao wanacheza kila wiki kwenye klabu zao.

Kuna waliobaki baada ya aibu na wakafanikiwa?

Wapo, na si wachache. Cissé alitolewa makundi 2018 kwa kadi za njano, Senegal 6 na Japani 4, vingine vyote wakiwa sawa. Haikuwahi kutokea kwenye Kombe la Dunia. Mwaka uliofuata akapoteza fainali ya AFCON. Shirikisho likamwacha, na lile kombe la 2022 likaja. Lionel Scaloni wa Argentina aliambulia nafasi ya tatu Copa América 2019, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, akiwa na watu wengi waliomwona mgeni wa kazi. Baada ya hapo ametwaa Copa mbili na Kombe la Dunia katikati yake.

Ninayempenda zaidi ni Enzo Bearzot. Italia yake ya Kombe la Dunia 1982 ilitoka sare mechi zote tatu za makundi, ikapita kwa sababu tu ilifunga mabao mawili na Cameroon moja. Magazeti yalimchana kwa kumng'ang'ania Paolo Rossi, aliyekuwa ametoka kwenye adhabu ya kufungiwa soka miaka miwili na hakufunga katika mechi nne za mwanzo. Rossi akafunga matatu dhidi ya Brazil, mawili dhidi ya Poland, moja kwenye fainali. Kama Cameroon wangepata bao moja zaidi, Bearzot angekuwa mzee mkaidi aliyeharibu kizazi. Uamuzi ungekuwa uleule.

Mpira mbaya wa kuangalia uhesabiwe?

Uhesabiwe mwisho. Southgate alifika fainali mbili za Euro na nusu fainali moja ya Kombe la Dunia, na bado kuna watu wanachokumbuka ni usingizi. Mimi uchoshi naulizia pale tu unapoambatana na kufungwa: je, timu ilijifungia nyuma huku ina wachezaji wa kushambulia?

Shirikisho nalo lina lawama?

Sana, na hapa ndipo makocha wengi wa Afrika wanaonewa. Mwaka 2014 wachezaji wa Cameroon waligoma kupanda ndege ya kwenda Kombe la Dunia kule Brazil kwa ajili ya posho. Walifika wamechelewa, wakafungwa mechi zote tatu. Ghana mwaka huohuo pesa taslimu ililetwa kwa ndege ndipo kambi ikatulia, na siku ya mechi ya mwisho wachezaji wawili, Muntari na Boateng, wakafukuzwa kikosini. Timu hiyohiyo, kumbuka, ndiyo pekee iliyotoka sare na Ujerumani kwenye mashindano yale. Kocha wao Kwesi Appiah angefanya nini na kikosi kilichokuwa kinahesabu posho badala ya kutazama mikanda ya wapinzani?

Kwa hiyo kabla ya kumnyooshea kidole kocha, uliza: kambi ilianza lini? Mechi za kirafiki zilikuwa na nani? Posho zililipwa kabla ya safari? Shirikisho likikosa majibu, lawama zigawanywe.

Basi nifanyeje nikitaka kujua abaki au aondoke?

Mimi hutazama jambo moja kuliko mengine: kosa lilelile kujirudia. Timu ikifungwa kwa kona mashindano haya, ni mashindano haya. Ikifungwa kwa kona mashindano yaliyopita na haya, kocha hajafanya kazi, hata kama katikati alishinda mechi kumi za kufuzu. Jambo la pili ni kalenda. Mechi za kufuzu zinazofuata huwa zimebakiza miezi michache, na kocha mpya atapata siku chache tu za mazoezi kabla yake. Kama hamna jina mkononi, kumwondoa leo ni kumkabidhi timu msaidizi wake na kuomba awe Faé.

Kwenye mkutano na waandishi baada ya kutolewa, nisikilize nini?

Ruka shukrani kwa mashabiki, ruka "tumejifunza mengi", ruka hali ya hewa. Hapo mimi huwa bado nimezima sauti, natazama midomo tu. Akianza kueleza kwamba dakika ya 70 alimtoa kiungo wake akidhani wapinzani wamechoka, na kwamba alikosea, naongeza sauti.